Gari ya Uingereza inasoma maili, barabara ya Dodoma inasoma kilomita: badili mapema

Kama umeagiza gari kutoka Uingereza, kitu cha kwanza kabisa, kabla hata hujafikiria redio mpya au tairi, hakikisha dashibodi inakuonyesha kilomita. Najua wengi mnaliahirisha hili, mnasema ntazoea, ntakuwa nazidisha kichwani, na ukiwa umekaa sebuleni kweli unaweza kuzidisha, ila ukiwa unaingia Kibaigwa jioni, maroli ya mahindi yamepaki pande zote mbili, boda anakatiza, mtoto anavuka na dumu la maji, hapo hakuna mtu anazidisha chochote, jicho linaangalia namba na mguu unafuata namba.

Na namba yenyewe ndo hii. Maili moja ni kilomita 1.609. Kibao cha kijijini kinasema 50, mshale wako uko 50, unajiona umetii sheria kabisa kumbe uko 80. Ili uwe kweli kwenye 50 ya kwetu, spidi mita ya maili inatakiwa isome 31. Tofauti hiyo sio ndogo, maana umbali ambao gari inahitaji ili isimame kwa breki unapanda kwa mraba wa spidi, kwaiyo gari iliyo kwenye 80 inahitaji zaidi ya mara mbili na nusu ya umbali wa breki ukilinganisha na iliyo kwenye 50, barabara ile ile, tairi zile zile. Watu wakisikia habari hii wanawaza tochi ya trafiki na ile faini ya elfu 30. Mimi nawawaza wanaovuka pale Buigiri, pale Chalinze yetu ya Dodoma, Mtanana, Pandambili, wengine wana mbuzi na ng'ombe, na wao wanakadiria kasi ya gari kwa macho wakiamini kila dereva aliyeona kile kibao amepunguza.

Wengi hawajawahi kukutana na jambo hili kwa sababu tumezoea magari ya Japani, na Mjapani anatumia kilomita kama sisi, kwaiyo gari ikishuka bandarini spidi inaeleweka palepale, shida inabaki maandishi ya Kijapani kwenye redio na yule dada anayeongea kila ukiwasha. Uingereza ni habari nyingine. Usukani uko kulia kama kwetu, ndo maana Land Rover, BMW, Mercedes, Audi na Volkswagen za kule zinatufaa, lakini nchi ile ilianza rasmi kuhamia vipimo vya mita na kilo mwaka 1965 na barabara zake hazijahama mpaka leo. Mafuta wananunua kwa lita, ulaji wa mafuta wanauhesabu kwa maili kwa galoni. Ndo gari uliyoletewa hiyo. Hata sisi Dodoma tuna mtaa unaitwa Maili Mbili, ila mawe ya barabarani na vibao vyote ni kilomita, na wewe unaendesha kwa kufuata vibao.

Sasa kuna kitu nilipokielewa kilinifurahisha sana na ningependa kila mwenye gari akijue. Ndani kabisa gari yako tayari inaongea kilomita. Ile soketi ya pini 16 iliyo chini ya dashibodi upande wa dereva, ambayo fundi anachomeka mashine ya kusoma matatizo, inaitwa OBD2, na ilikuwa lazima Marekani kuanzia gari za 1996, Ulaya kuanzia 2001 kwa petroli na 2004 kwa dizeli. Kiwango chake kinasema kompyuta ikiulizwa spidi lazima ijibu kwa kilomita kwa saa, namba moja kati ya 0 na 255, basi. Haijalishi gari ilitengenezewa London au Los Angeles. Joto la maji ya injini nalo linatoka kwa nyuzi za Selsiasi. Kwaiyo maili unazoziona mbele yako ni kazi ya skrini, na mtu akikwambia gari yako "imetengenezwa kwa maili na haiwezi kubadilika mpaka ubadili kompyuta", mwambie asante fundi alafu endelea kuuliza kwa wengine.

Kwa gari nyingi zenye skrini kazi nzima ni ya menyu na ni bure. Simamisha gari, vuta handibreki, washa, maana nyingi zinafunga menyu gari ikiwa inatembea. Mercedes unatumia vitufe vya kwenye usukani, unaenda kwenye setingi, unaingia sehemu ya dashibodi, unakuta swali la kilomita au maili. BMW zenye kile kitufe cha kuzungusha katikati ya viti, unaenda setingi alafu sehemu ya lugha na vipimo. Volkswagen nyingi zina ukurasa wa vipimo ndani ya setingi za skrini ndogo iliyo kati ya yale maduara mawili ya mishale kwenye dashibodi. Toyota na Nissan mpya zilizotoka Marekani nazo zina setingi za namna hiyo. Zile za zamani kidogo, ambazo hazina menyu ila zina kitufe kimoja cha kurudisha hesabu ya safari kwenye sifuri, baadhi yake unakishikilia hicho hicho sekunde kadhaa mpaka namba zibadilike. Kama hupati, kitabu cha gari kinapatikana bure kwenye tovuti za watengenezaji wengi, tafuta neno la vipimo ndani yake, dakika kumi unamaliza.

Ila angalia kitu kimoja, usidhani ukibadili kimoja vyote vinafuata. Kwenye gari nyingi spidi na umbali ni kifungu chake, ulaji wa mafuta kifungu chake, joto kifungu chake, upepo wa tairi kifungu chake. Nimeona gari ya mtu pale Kisasa, spidi kilomita safi kabisa, lakini namba ya mafuta imebaki ya galoni na mwenyewe amekuwa akiisoma vibaya tangu ainunue. Ingia kila ukurasa. Na baadhi ya Volkswagen na Audi za Uingereza unakuta kila kitu kinabadilika isipokuwa umbali wenyewe, hapo ndo inahitaji fundi wa umeme mwenye kompyuta ya kuingia kwenye dashibodi na kubadili kodi ya nchi, yaani "code", namba inayoiambia dashibodi gari ni ya nchi gani, sio kodi ya TRA. Ni kazi ndogo kwa anayeijua. Mwambie asome kodi ya zamani na aiandike pembeni kabla hajagusa kitu, ili ikikataa arudishe ilivyokuwa.

Tuje kwenye mafuta, hapa watu wanapotea sana. Sisi tunahesabu lita moja inatembea kilomita ngapi, ndo swali la kwanza mtu anauliza hata kabla ya bei. Gari ya Uingereza inakuonyesha maili kwa galoni, na galoni ya Mwingereza ni lita 4.546 wakati ya Mmarekani ni lita 3.785, kwaiyo namba ile ile 38 kwa gari ya Uingereza ni kama kilomita 13 na nusu kwa lita, kwa gari ya Marekani ni kilomita 16. Ukitaka hesabu ya haraka, namba ya Uingereza zidisha kwa 0.354, ya Marekani zidisha kwa 0.425. Alafu ukibadili menyu utakuta chaguo mbili, kilomita kwa lita, au lita kwa kilomita 100. Chukua kilomita kwa lita kama ipo. Ile nyingine ni ya Ulaya bara na inaenda kinyume, namba ikipungua ndo gari inakula kidogo, na najua mtu aliyekaribia kuuza gari nzuri tu kwa sababu iliacha kusoma 12 ikaanza kusoma 8, akaamini injini imekufa, kumbe 8 ya hapo ni lita 8 kwa kilomita 100, yaani kilomita 12 na nusu kwa lita. Zote mbili zinakutana kwenye 10 tu. Kama gari yako haina chaguo la kilomita kwa lita basi gawa 100 kwa namba unayoiona, unapata jibu la kwetu.

Hii ina maana kubwa kwa mtu wa hapa, maana EWURA wanatangaza bei kikomo ya mafuta kila mwezi na bei ya Dodoma sio ya Dar, kwaiyo ukitaka kujua safari ya Morogoro, kilomita kama 260, itakula shilingi ngapi, unahitaji namba unayoielewa bila kutafuta kikokotoo. Vilevile ile namba ya umbali uliobaki mpaka tenki liishe. Ikiwa bado kwa maili utajaza mapema kuliko ulivyohitaji, hapo hasara sio kubwa. Lakini gari ikishabadilishwa na dereva mwingine wa nyumbani hajaambiwa, anaona 100 anadhani bado maili, anajua ana kilomita 160 za kuteremka kwenda Mtera, na ile barabara ya Iringa vituo havijapangana kama huku mjini. Ukibadili, waambie wote wanaoshika ufunguo.

Sasa mileji. Hapa naomba unisome taratibu kwa sababu ndo sehemu yenye hela nyingi.

Unaenda yadi, muuzaji anafungua mlango, anakwambia bosi gari hii haijatembea, angalia mwenyewe, 74,000. Angalia herufi ndogo pembeni ya hiyo namba. Kama ni mi, hizo ni kilomita 119,000 na ushee. Gari ya kilomita 119,000 inaweza kuwa nzuri sana, sina ugomvi nayo, ila mkanda wa taiming, mafuta ya giaboksi, bushi, shokapu, vyote viko kwenye umri mwingine tofauti na ule ulioufikiria na bei inatakiwa iongee hivyo. Kwa gari ya Uingereza una bahati moja ambayo wengi walioagiza kwingine hawana, serikali yao inaruhusu mtu yeyote kuangalia bure mtandaoni historia ya ukaguzi wa gari, ule wanaouita MOT, ambao gari inaanza kufanyiwa ikifika miaka mitatu. Unaingiza namba ya usajili ya kule, unaona kila mwaka ilikuwa imetembea kiasi gani na iliangushwa kwa kosa gani. Omba hiyo namba ya zamani kwa anayekuuzia. Namba zikipanda vizuri mwaka hadi mwaka na ya mwisho ikaendana na ya kwenye dashibodi, ukikumbuka kubadili maili, umetulia. Kwa gari ya Japani unaangalia cheti cha kusafirishia nje, nacho kinaandikwa kilomita.

Sevisi ndo inafuata. Fundi wetu akimwaga oili anaandika kwenye kikaratasi namba ya sasa, anajumlisha 5,000, anabandika kwenye kona ya kioo. Ana haki, ndivyo anavyofanya kwa kila gari inayoingia gereji. Lakini kama dashibodi inahesabu maili, hiyo 5,000 ni kilomita 8,047, na hii ni Dodoma, sio mahali pa kusogeza oili, vumbi la Nzuguni na Nkuhungu kiangazi unalijua, chujio la hewa ukilitoa limekuwa rangi ya udongo. Kwa gari ya maili anatakiwa ajumlishe 3,100. Alafu gari nyingi za Ulaya zinahesabu sevisi zenyewe na zinakuja na muda mrefu uliopangwa kwa barabara na hali ya hewa ya kwao, nyingine maili 12,000, hizo ni kilomita zaidi ya 19,000. Usisubiri taa hiyo iwake. Hii ni imani yangu na siibadilishi, kwa mazingira yetu fuata kikaratasi cha fundi, ila hakikisha kikaratasi na dashibodi vinatumia kipimo kimoja.

Ukibadili menyu, baadhi ya gari namba ya mileji yenyewe inageuka, 74,000 inakuwa 119,091, na baadhi inabaki maili milele hata kama spidi imekuwa kilomita. Zote mbili ni sawa. Unachofanya, piga picha dashibodi kabla na baada, andika kwenye kitabu cha sevisi tarehe, namba kwa maili, namba kwa kilomita. Mtu atakayenunua gari kwako kesho asije akaona rekodi ya 74,000 mwezi wa tatu na 120,000 mwezi wa tano akadhani ilikuwa teksi, au vibaya zaidi, wewe mwenyewe uonekane umechezea.

Na kuchezea kwenyewe nakukataa waziwazi. Kuna watu wanafungua dashibodi, wanaingia kwenye ile chipu inayotunza mileji na kuandika namba wanayotaka, na kazi hiyo inauzwa kwa jina zuri la "kubadili maili kwenda kilomita". Ukiona mtu anataka kubandua chipu ili akubadilishie kipimo, jiulize kwa nini, maana kipimo kiko kwenye setingi au kwenye kodi, hakiko pale. Aliyenunua gari akiamini 60,000 ataendesha familia yake na mkanda wa taiming ambao umeshapitisha muda wake, na ukikatika kwenye injini nyingi valvu zinagonga pistoni. Siyo utani.

Kuna jirani yangu ana Golf, alishauriwa gereji fulani anunue dashibodi nyingine ya kilomita, used, afungiwe. Ilipofungwa gari ikawaka, ikazima. Ikawaka, ikazima, sekunde chache tu kila mara. Wakaanza kushuku pampu ya mafuta. Shida haikuwa pampu, ni kwamba kwenye Volkswagen za aina hiyo mfumo wa kuzuia wizi unakaa ndani ya dashibodi yenyewe, ufunguo unaongea na dashibodi, na hii mpya haikuujua ufunguo wake. Waliporudisha ya zamani gari ikawaka kama kawaida. "Sasa fundi, mbona kwenye menyu hatukuangalia?" mke wake ndo aliuliza hivyo, na kwenye menyu ilikuwepo. Na hata kama dashibodi ile ingekubali, ingekuja na mileji ya gari nyingine kabisa, ya mtu mwingine, ambayo haihusiani na injini yake.

Kwa wenye dashibodi ya mishale na namba zilizochapwa hakuna menyu itakayobadili wino. Gari nyingi za Uingereza zina duara la ndani lenye namba ndogo za kilomita, zipo ila mchana wa jua letu huzioni vizuri na usiku zinafifia. Ninachokipenda mimi ni rahisi sana, stika ndogo mbili za kung'aa, unabandika kwenye kioo cha spidi mita, moja penye 31 na nyingine penye 50 ya maili, yaani 50 na 80 zetu. Jicho linakamata stika bila kusoma. Ukitaka zaidi ya hapo kuna vikaratasi vya uso wa dashibodi vyenye namba za kilomita, vinatengenezwa kwa modeli maalumu, agiza vya modeli yako hasa kwa sababu pembe ya mshale inatofautiana, na afunge mtu mwenye mkono mtulivu, ule mshale ukichomolewa vibaya hausomi tena ukweli. Au chukua kile kiskrini kidogo kinachochomekwa kwenye OBD2 na kukaa juu ya dashibodi, kinachukua zile kilomita za kompyuta nilizosema na kuzionyesha kubwa mbele yako.

Gari za Marekani zinaongeza joto la Farenhaiti. Toa 32, zidisha kwa 5, gawa kwa 9. AC ikisoma 72 ni nyuzi 22, nje ikisoma 86 ni 30, mchana wa kawaida wa Novemba hapa. Badili tu, ipo kwenye menyu.

Kitu kimoja nakushauri ukiache kilivyo, upepo wa tairi. Yule kijana wa upepo pale sheli ana geji ya PSI, ukimwambia 32 anajua, ukimwambia 2.2 ya bar au 220 ya kPa atakuangalia. Kwaiyo kama gari inaruhusu kutenganisha, acha PSI. Kwa gari ya Japani yenye kibandiko mlangoni kinachosema 220 au 230 kPa, hiyo ni 32 na 33.

Ukimaliza yote, toka nayo barabara ya Morogoro kule mbele ya Mtumba panaponyooka, mtu mwingine ashike simu yenye GPS inayoonyesha spidi, wewe shikilia 80 ya dashibodi. Dashibodi kuzidi GPS kidogo ni kawaida, kanuni za kimataifa haziruhusu spidi mita isome chini ya kasi halisi ila zinaruhusu isome juu kiasi. Ikisoma chini ya GPS, au ikazidi kwa namba kubwa, usirudi kwenye menyu, angalia tairi. Inawezekana aliyekuuzia alifunga saizi kubwa au ndogo kuliko iliyoandikwa kwenye kile kibandiko cha mlangoni, na hapo spidi na mileji vyote vinadanganya kwa pamoja, iwe kwa maili au kwa kilomita.